Kifungo cha Saba

Duka la vifaa lilikuwa limeshonana watu. Mwenye duka alikuwa peke yake, mikono miwili, kichwa kimoja, na wateja kumi na tano kila mmoja anaapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Huyu anataka bawaba, yule anataka misumari ya bati, na mzee mmoja amekumbatia kitasa kibovu kama amebeba mtoto mwenye homa.

Katikati ya msukumano huo alisimama kijana mmoja mnyoosha bodi za magari. Gereji yote ilimwita Fundi, kana kwamba wengine pale walikuwa wapishi. Alikuja kununua msasa. Mbele yake alisimama mwanamke aliyevaa gauni la njano lenye mikono mifupi, nywele amezibana nyuma, na shingoni amening'iniza futi ya kupimia nguo.

"Dada," Fundi akamwinamia, "umesahau futi shingoni."

Yule mwanamke hakugeuka mara moja. Alimaliza kwanza kumwonyesha mwenye duka ukubwa wa sindano anazotaka, ndipo akamtazama.

"Sikuisahau. Wewe umesahau rangi ya gari sikioni, mbona mimi nimekustahi?"

Watu wakacheka. Mzee wa kitasa alicheka hadi kitasa kikamponyoka. Fundi akajishika sikio, vidole vikatoka na rangi ya fedha. Alitaka kujibu, lakini jibu zuri ni kama mvua, huja ukishaanua nguo. Mwenye duka akamsukumia mfuko, Fundi akaondoka.

Alipoufungua gerejini alikuta pakiti mbili za sindano, mkanda wa cherehani na kibunda cha uzi wa kijani. Hajakaa sawa, simu ikalia.

"Haloo. Wewe ndiye mwenye msasa?"

"Ndiye mimi. Na wewe ndiye mwenye sindano?"

"Mwenye duka kanipa namba yako baada ya kumtoa jasho. Sikiliza, kaka wa rangi sikioni. Nina suruali kumi na mbili za walinzi zinanisubiri hapa. Nizishone kwa msasa?"

"Hizo zishone tu. Mlinzi akikalia msasa hatasinzia."

Upande wa pili kikaja kicheko. Hakikuwa kicheko kirefu. Kilikuwa kama mlango uliokaa sana bila kufunguliwa, unalia kwanza bawaba ndipo unakubali. Fundi alikipenda hapo hapo, na akajishangaa, maana mtu hupenda macho, hupenda mwendo, nani amepata kupenda bawaba?

Tangu siku hiyo yeye akawa Msasa, na yule mwanamke akawa Sindano.

Mapenzi yao yalianza kwa kurudishiana mifuko, yakaendelea kwa kurudishiana maneno. Simu ya asubuhi: "Umeamka, Msasa?" "Nimeamka, ila moyo bado umelala huko kwako." "Uamshe uje kazini, mie sina kitanda cha wageni." Simu ya mchana, cherehani ya Sindano ikikereza nyuma ya sauti. Jioni wakitoka kazini walikutana kwenye kibanda cha vinywaji karibu na soko, yeye Sindano na gauni lake la bluu lililomkaa kama limemwagwa juu yake, Fundi na shati lililopigwa pasi mbele tu.

"Na mgongoni?" Sindano aliuliza.

"Mgongoni nitaegemea kiti."

Mhudumu alipokuja, Sindano akaagiza soda, na Fundi naye soda.

"Mafundi wa magari wote ninaowajua mimi ni watu wa chupa," Sindano akasema. "Wewe ni mtu wa dini sana?"

"Mimi ni mtu wa gereji tu. Niliacha."

"Lini?"

"Miaka mitatu sasa."

"Kilikukuta nini?"

"Iliniingia vibaya," akasema Fundi. Halikuwa neno la uongo. Lilikuwa neno la kweli lililokatwa miguu.

Kuna jambo Fundi aliliona kwa Sindano, kwa sababu kazi yake ni kuona mahali palipobonyea. Sindano hakukaa kamwe akaipa barabara mgongo. Na kila gari likipita kwa kasi, alinyamaza katikati ya sentensi, akalisindikiza kwa macho hadi lipotee, ndipo akamalizia neno. Fundi hakuuliza. Yeye mwenyewe alikuwa na mengi ambayo asingependa kuulizwa.

Siku moja wakizungumza kwa simu, akamsikia Sindano akimwambia mtu mwingine kwa sauti ya chini, sauti ya mahaba: "Geuka kidogo, kijana wangu, nikuone bega." Wivu ukamwingia Fundi kama mchanga kwenye kiatu. Hata hivyo, Jumapili alialikwa mchana, akaenda. Safari hii shati alilipiga pasi mbele na nyuma.

Chumba cha kushonea kilikuwa na dirisha moja kubwa linalotazama barabara. Vipande vya kitambaa vimetapakaa sakafuni, cherehani ya kanyagio pembeni, na dirishani limesimama sanamu la kupimia nguo, lile lisilo na kichwa wala mikono. Limevalishwa koti la kiume la kijivu. Koti limepigwa pasi, limepigwa brashi, limesimama kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Koti la nani hilo?"

"La kijana wangu," akasema Sindano, akamnyooshea kola.

Fundi hakuuliza mara ya pili. Alisema amesahau kufunga maji nyumbani, akatoka. Alikuwa amefika kona ya tatu simu ilipolia.

"Msasa, umeondoka kama umekalia kaa la moto. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Ila ungeniambia mapema kwamba una mtu."

Gari likapita upande wa Sindano, likaisha.

"Ninaye," akasema. "Yuko chini ya ardhi."

Fundi alirudi. Mlango ulifunguliwa na Shangazi, mama mfupi mnene aliyemlea Sindano na mdogo wake tangu mama yao alipofariki. Akamtazama Fundi kuanzia viatu hadi kichwani, kisha akarudi tena viatuni.

"Kumbe ndiye huyu? Mwanaume wa kwanza nimemwona anamwonea wivu marehemu. Ingia, baba. Hakuumi, hana hata kichwa."

Shangazi alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Basi Sindano akasimulia. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitindamimba, mrefu kama ngazi, mpenda utani. Alipopata kazi ya kwanza kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu, dada alimshonea koti. Vifungo vilitoka kwenye koti la zamani la marehemu mama yao, vifungo saba vya pembe, vyeusi, kila kimoja na mstari mweupe katikati kama kope ya jicho lililofumba. Dada alivishona kwa uzi wa kijani kwa sababu mwenyewe alitaka hivyo. "Nikipotea mjini," alisema, "mtaniona kwa uzi."

"Alilivaa koti lake siku nne," Sindano akaendelea. "Joto linawaka, watu wanamcheka, yeye anatembea nalo. Siku ya tano alikuwa anarudi kutoka kazini, jua bado liko juu ya mapaa, anatembea pembeni kabisa ya barabara. Gari lilimfuata huko huko pembeni. Mama mmoja muuza magazeti alisema gari lilikuwa jekundu na lilikuwa linayumba barabarani kama linatafuta kitu lilichodondosha. Halikusimama. Hospitali walinirudishia koti. Nikahesabu vifungo. Sita."

Akamshika Fundi mkono, akauweka kifuani pa lile koti, kifungo cha pili kutoka juu. Palikuwa na tundu, na nyuzi mbili za kijani zimesimama kama vinyweleo vya mtu aliyeshtuka.

"Hapa. Cha saba sijakipata mpaka leo. Nilirudi pale barabarani nikapiga magoti, nikachambua mchanga kwa vidole. Watu walidhani nimechanganyikiwa."

Fundi aliuacha mkono wake pale. Kitambaa kilikuwa na joto la jua la dirishani, lakini yeye alihisi joto la mtu. Mkono wake ulijua. Kichwa kilikuwa bado kinatafuta njia ya uchochoroni, lakini mkono ulishajua.

Sasa ni lazima lisemwe neno la gerejini kwao. Neno lenyewe ni *mbuzi*.

Gereji ile ilikuwa ya Mjomba, kaka wa mama yake Fundi, aliyemchukua akiwa mdogo akamfundisha nyundo. Kila wiki yaliingia magari yaliyobonyea mbele, na wenyewe wanashuka macho mekundu, midomo inanuka, wanasema: "Nimegonga mbuzi, fundi." Taa imevunjika, mbuzi. Boneti limekunjika, mbuzi. Ikawa dhihaka ya pale. "Leo wamekuja mbuzi wangapi?" "Watatu, na mmoja alikuwa mbuzi wa zege." Maana ya neno ilikuwa moja tu: usiulize.

Miaka mitatu nyuma, asubuhi moja, lilikuja gari jekundu. Mwenyewe alikuwa Bwana Tai, mteja wa siku nyingi, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuonekana bila tai, hata akiwa hajitambui kwa ulevi. Mcheshi, mkarimu, anajua majina ya watoto wa kila fundi. "Mbuzi, jamani," alisema. "Mbuzi wa mji huu hawana adabu." Boneti lilikuwa na bonde. Fundi alilipitishia kiganja huku amefumba macho, kama alivyofundishwa, maana kiganja huona kuliko jicho. Bonde lilikuwa na umbo la bega.

Halafu kwenye wavu wa mbele, ule unaopitisha upepo, akakuta kifungo cheusi chenye mstari mweupe, kimekwama, na uzi wa kijani umening'inia.

Mbuzi havai kifungo. Alijua. Lakini kujua na kukiri ni ndugu wasiolala chumba kimoja. Chini ya kiti cha dereva zilikuwa zimebaki chupa mbili za bia, na Bwana Tai akasema, "Hizo zako, fundi, upooze koo." Fundi alizinywa zikiwa vuguvugu, huku ananyoosha. Alinyoosha bega lile mpaka likawa bati tupu. Akapaka puti, akapiga msasa, akapaka rangi. Lilipendeza sana. Mjomba alimsifu mbele za watu. Kile kifungo alikitupa kwenye kopo la skrubu, na tangu jioni ile hakuonja tena pombe, wala hakumwambia mtu sababu.

"Mbona umebadilika rangi?" Sindano alimuuliza siku ile ya Jumapili. "Msasa? Nimekutisha na maiti zangu?"

"Hapana. Pole. Pole sana, mpenzi."

Angeweza kusema pale pale. Maneno yalimjaa mdomoni kama uji wa moto, na kama mtu mwenye uji wa moto mdomoni, aliyageuza huku na huku, mwisho akayameza, yakamuunguza hadi chini.

Kesho yake alimwaga kopo la skrubu, akakitoa kifungo, akakitia mfuko wa kifuani wa ovaroli. Leo nitamwambia, alisema. Jioni Sindano alikuja amefurahi, amevaa hereni mpya, Fundi hakuweza. Kesho yake Sindano alikuja amechoka, hakuweza. Siku zikaenda. Kazini kila bati alilopitishia kiganja lilikuwa na bega. Alipopiga nyundo, ko, ko, ko, alisikia mtu anabisha hodi kwa adabu, mtu asiye na haraka, anayejua mwisho atafunguliwa. Mlango wa gari uliopakwa rangi ya kwanza, ile ya kijivu, uliegemezwa ukutani, na Fundi akipita mbele yake aliukwepa kama anayempisha mtu.

"Wewe una jini," Mjomba alimwambia. "Nenda kapumzike."

"Mjomba, unakumbuka lile gari jekundu? Yule mbuzi wa Bwana Tai?"

Mjomba alikuwa anafuta mikono kwa tambara. Akaendelea kufuta, ingawa mikono ilishakuwa safi. "Hapa wamepita mbuzi wengi," akasema. "Sisi si wachungaji."

Wiki mbili zikapita hivyo. Jumamosi moja Sindano alipita gerejini jioni, akamkuta ovaroli limechanika kutoka kwapani hadi kiwikoni.

"Vua."

"Hapa hapa mbele za watu?"

"Una fulana ndani, acha maringo. Siwezi kutembea na mwanaume anayepepea mkono mmoja kama bendera. Vua, Jumatatu utalikuta limepona."

Akavua, akampa. Akaenda nyumbani na fulana, anapiga mluzi. Mtu anaweza kusahau kitu alichokibeba kifuani siku zote hizo? Fundi alisahau. Au tuseme kichwa kilisahau, kuhusu mkono hatujui.

Jumatatu saa tatu asubuhi lile gari jekundu liliingia gerejini likisugua bampa chini. Bwana Tai akashuka, tai imekaa sawasawa, yeye mwenyewe hajakaa sawa. Harufu ilimtangulia hatua mbili.

"Mbuzi tena, jamani!" akasema, na gereji nzima ikaangua kicheko.

Fundi aliinama. Kwenye bampa kulikuwa na rangi ya njano na nyeusi, mistari ya mlalo. Rangi ile aliijua. Ilikuwa ya nguzo za geti la shule ya msingi iliyo kona ya pili. Watoto walikuwa wameingia madarasani labda nusu saa tu kabla ya nguzo kugongwa.

Akapeleka mkono mfuko wa kifuani. Ovaroli alilovaa lilikuwa lile la akiba. Mfuko ulikuwa mtupu. Kifungo kilikuwa kwa Sindano.

"Fundi, mbona umeganda? Nyoosha, nina kikao," akasema Bwana Tai.

"Huyu mbuzi wa leo sijui," Fundi akasema polepole. "Lakini yule wa miaka mitatu iliyopita, Bwana Tai. Alikuwa amevaa koti?"

Kicheko kilikatika kama umeme.

"Unasema nini wewe?"

"Koti la kijivu. Alikuwa anakuja upande upi, ulimwona usoni?"

"Mjomba wake yuko wapi?" Bwana Tai akaita, macho yanatafuta. "Huyu kijana wako amelewa."

"Hajalewa," ikasema sauti ya mwanamke.

Sindano alikuwa amesimama getini. Ovaroli lililoshonwa na kukunjwa vizuri liko kwenye mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa mbele, kiganja wazi, na katikati ya kiganja, jicho dogo jeusi limefumba kope.

"Nilikuwa natoa vitu mfukoni nisije nikavishona pamoja," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililowatisha watu. "Umekipata wapi hiki?"

Fundi alinyoosha kidole. "Kwenye wavu wa gari hili."

"Lini?"

"Asubuhi iliyofuata."

Sindano akaligeukia gari. Akaliendea, akaweka mkono juu ya boneti, pale pale. Palikuwa laini, panang'aa, hapana alama.

"Na wewe kazi yako ilikuwa nini?"

"Kunyoosha."

"Ulinyoosha vizuri," akasema Sindano. Akalitua ovaroli juu ya boneti kama anamlaza mtoto, akafumba kiganja, akatoka bila kukimbia.

Bwana Tai alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Fundi alimfikia, akachomoa ufunguo.

"Nipe ufunguo wangu, mbwa wewe!"

"Utatembea kwa miguu. Pembeni ya barabara, uone inavyokuwa."

Mjomba alikuja mbio, akamshika Fundi begani. "Mwanangu, fikiri. Mimi nimekulea. Ukifungua hili, gereji inakufa na mimi nakufa nayo. Na ushahidi uko wapi? Bati limenyooka!"

"Mjomba, umesahau ulichonifundisha? Fundi anayeficha alama ya mkono wake anaficha kazi mbaya."

Akaliondoa ovaroli, akafungua boneti, akaliinua, akabandua kitambaa cha ndani. Kwenye bati lililo tupu, palipochorwa kwa ncha ya msumari, ilikuwepo tarehe ya asubuhi ile ya miaka mitatu nyuma, na chini yake alama ndogo kama ndoana. Alama yake, aliyoiweka kwenye kila bati alilowahi kulinyoosha. Mjomba akaitazama tarehe ile, akakaa chini juu ya tairi, akawa mzee kwa mara moja.

Polisi walikuja. Bwana Tai walimpulizisha kipimo, Fundi naye wakamweka ndani siku mbili, kisha wakamwacha awe shahidi.

Mahakamani wakili alijaribu kumchezesha.

"Wewe shahidi, gari lilinuka nini?"

"Bia."

"Unaijuaje harufu hiyo vizuri namna hiyo?"

"Zilibaki chupa mbili. Nilizinywa mimi."

"Kwa hiyo ulikuwa umelewa ukiwa kazini!"

"Nilikuwa nimelewa, ndiyo," Fundi akasema. "Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na nyundo, na yeye alikuwa na gari. Lakini na mimi nilimpiga. Yeye mara moja, mimi siku nzima."

Sindano alikuwa amekaa safu ya pili na Shangazi, amevaa nyeusi, hakumtazama hata mara moja. Bwana Tai alipewa kifungo cha miaka mitano. Aliposikia, mkono wake ulikwenda shingoni kulegeza tai, na tai hakuwa nayo.

Fundi alihamia karakana nyingine, akawa ananyoosha madawati ya shule na vitanda vya hospitali, vitu visivyokimbia. Simu za Sindano hazikuwepo tena. Alipiga mara saba, Sindano hakupokea, akaacha, maana ya nane ingekuwa usumbufu. Katika hizo saba, mara moja tu Shangazi alipokea: "Baba, anakula, analala, anashona. Haongei na koti tena. Mimi sijui kama hilo ni heri au shari." Akakata.

Mwezi wa sita tangu hukumu, mchana, amelala chini ya kitanda cha chuma, simu ikalia.

"Fundi."

Hakusema Msasa. Fundi alilisikia hilo kabla hajasikia kitu kingine.

"Naam."

"Ulikisahau mfukoni, au ulikusudia?"

Alibaki pale chini, anatazama springi. "Kila siku najiuliza. Nikisema nilisahau, najidanganya. Nikisema nilikusudia, najisifu."

Upande wa pili cherehani ikakereza mara moja, ikasimama.

"Ungesema siku ile ile, asingefufuka," Sindano akasema. "Hilo nalijua. Lakini ningejua wa kumlaani. Miaka mitatu nimemlaani kila mtu aliyeshika usukani. Hata madereva wa gari la wagonjwa. Unajua inavyochosha?"

"Sijui."

"Njoo."

Alikwenda na nguo za kazi. Shangazi alimfungulia, hakusema utani wowote, akamgusa tu mkono, akaenda jikoni. Koti lilikuwa dirishani, mahali pake. Kifua bado kina tundu.

"Nimekaa nalo hivi," Sindano akasema. "Kila nikishika sindano mkono unakataa. Yule wa gari kapata kifungo chake, mimi changu kinanishinda." Akamwekea Fundi mkononi kile kifungo na sindano iliyotungwa uzi wa kijani. "Ulimfichia kijana wangu. Kirudishe."

"Mimi sijui kushona."

"Najua."

Fundi akakaa mbele ya koti, magoti yanagusa sanamu. Vidole vilivyozoea nyundo havikuipata sindano. Mara ya kwanza ikamchoma, mara ya pili ikamchoma pale pale. Barabarani magari yalipita. Likapita moja kwa kasi sana, dirisha likatetemeka, na koti likajaa upepo kidogo kifuani, kama mtu amevuta pumzi. Fundi alisimamisha mkono. Wote wawili wakangoja. Koti likatulia, akaendelea.

Ilimchukua karibu saa nzima. Alipomaliza kukata uzi kwa meno, alirudi nyuma kutazama. Vifungo sita vilikuwa vimesimama wima kwenye mstari mmoja. Cha saba kilikuwa kimelala upande, kope yake imeinama, na uzi wa kijani umevimba pembeni kama kovu.

"Kimepinda," akasema. Mkono wake ukanyanyuka wenyewe, kwa mazoea ya miaka, kwenda kukishika.

Sindano akauwahi mkono ule, akaufunika kwa wake, akaushikilia hapo hapo juu ya koti.

"Kiache, Msasa," akasema. "Hicho usikinyooshe."